Makatazo Bila Mafundisho Hayalindi Kanisa

Miongoni mwa malalamiko ninayoyasikia kwa wazee wa kanisa na wachungaji wenzangu, hakuna linalorudiwa mara nyingi kama hili, kwamba utamaduni wa siku hizi umewachukua vijana wetu. Mimi ni mhafidhina na sioni haya kusema hivyo. Naamini kwamba Maandiko ni Neno la Mungu lisilokosea, kwamba ndoa ni agano la mume mmoja na mke mmoja, na kwamba kanisa halikupewa mamlaka ya kulegeza amri za Bwana wake ili lipate kupendwa. Hata hivyo, kwa kuwasikiliza vijana walioacha kuja ibadani, nimefikia hukumu isiyowapendeza wengi wa upande wangu: wengi wao hawakunyang'anywa imani, kwa maana hawakuwahi kukabidhiwa. Walikabidhiwa makatazo.

Ninapomuuliza kijana wa namna hiyo kwa nini kanisa linakataza jambo fulani, aghalabu nakuta analijua katazo bila kuijua sababu yake. Anajua kwamba zinaa ni dhambi, lakini hajapata kuelezwa hoja ya Paulo kwa Wakorintho, kwamba mwili wa mwamini ni hekalu la Roho Mtakatifu na kwamba ulinunuliwa kwa thamani. Katazo lililokatwa kutoka kwenye shina lake halivumilii hata maswali mawili ya mwanafunzi mwenzake, na hapo tunamlaumu mwanafunzi mwenzake.

Jambo hili si geni. Kitabu cha Waamuzi, katika sura ya 2, kinataja kizazi kilichoinuka baada ya Yoshua ambacho hakikumjua Bwana wala matendo yake, na kinalitaja hilo kabla ya kueleza jinsi watu walivyoyafuata Mabaali, miungu ya Wakanaani. Martin Luther naye, mwanamatengenezo wa kanisa, aliposhiriki katika ukaguzi wa makanisa ya Saxony, Ujerumani, mwaka 1528, alisikitika kukuta watu waliobatizwa na kushiriki Meza ya Bwana ambao hawakujua Amri Kumi, Imani ya Mitume wala Sala ya Bwana, tena chini ya wachungaji ambao baadhi yao hawakuweza kufundisha. Mwaka uliofuata alitoa Katekisimu Ndogo, yaani kitabu kifupi cha mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, iliyoandikwa ili baba aweze kuwafundisha watu wa nyumba yake kwa maneno mepesi.

Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, inayotumiwa na makanisa ya Kireformed, ina funzo jingine ambalo napenda kila mchungaji alitafakari. Maswali yake 129 yaligawanywa katika Jumapili 52, ili mafundisho yote yapitiwe kila mwaka, lakini lililo kubwa zaidi kwangu ni mpangilio wake. Inaanza na faraja ya mtu aliye mali ya Kristo katika uhai na katika kufa, kisha inaeleza dhambi, kisha wokovu, na Amri Kumi zinafafanuliwa katika sehemu ya mwisho, inayohusu shukrani. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 20, kinafuata njia hiyo hiyo, kwa kuwa Mungu anawakumbusha Waisraeli kwamba amewatoa utumwani kabla ya kuwaamuru lolote. Mahubiri yanayoanza na kuishia kwenye amri yanaweza kuwa na ukali mwingi, lakini sioni kwa nini tuyaite ya kihafidhina.

Nina ushauri pia kwa wazee wa kanisa. Katika vikao vyenu, chukueni kila sheria mnayowadai waumini na muulizane inasimama juu ya andiko gani. Isiyo na andiko iitwe utaratibu wa kanisa, na iheshimiwe kama utaratibu, bila kuvikwa joho la amri ya Mungu. Bwana Yesu, katika Marko 7, aliwakemea vikali watu walioshika mapokeo ya wanadamu wakaiacha amri. Danieli na wenzake, walipokuwa mateka Babeli, walipewa majina ya Kibabeli, wakajifunza elimu na lugha ya Wakaldayo, lakini chakula cha mfalme walikikataa. Mtu aliyefundishwa huweza kupambanua namna hiyo, ilhali aliyetishwa tu hukataa kila kitu, na siku hofu ikimwisha hukubali kila kitu.

Najua watakaosema kwamba nikifungua mlango huo, kila amri itaitwa desturi. Matendo 15 yanawajibu: baraza la mitume na wazee huko Yerusalemu, katika barua yake, liliwaondolea waamini wa Mataifa mzigo wa tohara, na katika barua hiyo hiyo likawaagiza wajiepushe na uasherati.

Kuhusu nidhamu ya ndugu aliyekosa sina mengi ya kuongeza juu ya Mathayo 18, ila kwamba hatua ya kwanza ni ya watu wawili peke yao, na kwamba kumsema mtu kutoka mimbarani, au mtandaoni, kabla ya kumwendea ni kuvunja agizo la Bwana kwa kisingizio cha kulitetea.

Lakini haya yote hayawezi kubebwa na ibada ya Jumapili pekee. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inaiweka kazi hii nyumbani, mzazi anapoketi, anapotembea, anapolala na anapoamka. Kwa hiyo wazazi ninaowashauri nawaomba waanze kidogo: swali moja la katekisimu kwa juma, lisomwe mezani kwa sauti, watoto waruhusiwe kuuliza, hata maswali yanayowatia wazazi hofu. Mzazi asiyejua jibu aseme wazi kwamba hajui, kisha aje na mtoto kwa mchungaji walitafute pamoja, na mchungaji awe na muda wa kuwapokea.