Maswali na majibu: Serikali ikitudanganya kwa faida yetu

Niliandika hapa kwamba serikali haina ruhusa ya kuwadanganya raia wake hata kwa nia njema. Mmenijia juu. Haya, tuanze.

*Shikamoo Mwalimu. Kwani Plato, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, si aliruhusu uongo mwema? (Tanga)*

Marahaba. Swali hili linaletwa kila mara na watu ambao kitabu chenyewe hawajakifungua. Katika kitabu chake, Jamhuri, Sokrate, mwalimu wake, anapendekeza hekaya kwamba watu wameumbwa na dhahabu, fedha, chuma na shaba, ili kila mmoja atulie kwenye nafasi yake. Lakini anatamani hata watawala wenyewe waiamini. Nionyesheni waziri anayeuamini uongo wake, ndipo tuendelee.

*Na vitani je?*

Adui mdanganye utakavyo. Mwaka 1944 Waingereza na Wamarekani walibuni jeshi zima lisilokuwepo, wakaeneza habari kwamba linaongozwa na Jenerali Patton wa Marekani, ili Wajerumani wasubiri shambulio la pwani ya Ufaransa upande wa Calais badala ya Normandy. Hitler hakuwa mlipa kodi wao.

*Marekani ilimpata Osama kwa kampeni bandia ya chanjo. Huoni uongo huo ulifaa? (Mombasa)*

Kwanza, haijathibitishwa kwamba kampeni ile ndiyo iliyompata. Mwaka 2011 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilimtumia daktari wa Kipakistani, Shakil Afridi, kuzungusha chanjo ya homa ya ini aina ya B mjini Abbottabad, shabaha ikiwa kupata vinasaba vya watoto wa ndani ya jumba alimoshukiwa kujificha Osama. Mama aliyefungua mlango wake mtaani aliona muuguzi na sindano, basi.

Mwaka uliofuata makamanda wa Taliban huko Waziristan, Pakistan, walipiga marufuku chanjo ya polio, wakitaja ujasusi na ndege zisizo na rubani. Desemba 2012 wachanjaji wa polio walipigwa risasi Karachi na Peshawar, wengi wao wanawake. Mei 2014 Ikulu ya Marekani ikaahidi kwamba CIA haitajificha tena nyuma ya chanjo.

Sisemi chanzo ni hicho tu. Eneo lile lina vita, na uvumi kwamba matone ya polio yanawafanya watoto tasa ni wa zamani. Ila uvumi ule ulikuwa unahangaika kutafuta ushahidi, CIA ikaupatia. Waliopanga uongo walikuwa salama Virginia, Marekani, yaliko makao makuu ya CIA. Deni likalipwa na binti mwenye kisanduku cha barafu begani, ambaye hakujua lolote. Hili ndilo ninalowaambia miaka yote: anayedanganya kwa faida ya jamii hujipigia hesabu mwenyewe, na gharama humwachia mwingine.

*Hofu nayo inaua. Wakati wa korona si ilikuwa afadhali kunyamaza? (Dodoma)*

Tanzania ilitoa takwimu hadi mapema Mei 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Kisha zikakoma kwa zaidi ya mwaka. Hofu haikukoma, ilihamia kwenye magrupu ya WhatsApp. Na usiniambie kunyamaza si kudanganya. Ukizoea kutangaza, kisha ukaacha huku ukisema mambo ni shwari, msikilizaji ataelewa ugonjwa umekwisha. Januari 2021 Rais Magufuli alizitilia shaka chanjo za kutoka nje. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia alichanjwa hadharani ili kuwahimiza watu. Aliyebaki kwenye moto ni mhudumu wa zahanati: tumsikilize nani, wa Januari au wa Julai?

*Gavana wa benki kuu akiulizwa kama sarafu itashushwa thamani, aseme kweli watu wote wakimbilie dola? (Arusha)*

Hatimaye swali la mtu aliyefikiri. Stafford Cripps, waziri wa fedha wa Uingereza, alikanusha zaidi ya mara moja, kisha Septemba 18, 1949 akaishusha pauni kutoka dola 4.03 hadi 2.80. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imefungwa kwenye pauni, ikazama nayo. (Babu zetu hawakupewa hata heshima ya kudanganywa.) Angekiri mapema, walanguzi wangevuna, hilo nakubali. Lakini njia ipo: gavana ajibu "hatuzungumzii mambo hayo" kila akiulizwa, hasa siku ambazo hana mpango wowote, ili ukimya wake usisomeke. Siri ya wiki mbili naivumilia. Kukana waziwazi siivumilii.

*Uongo wa zamani unamuumiza nani leo? Tusonge mbele. (Nairobi)*

Hivi kweli swali hili linatoka Kenya? Machi 3, 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, Tana River, wakati wa vita vya Mau Mau. Taarifa ya serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha. Mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, Uingereza, yalijulikana mwaka 2011, na 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa. Wangapi walikwisha kuzikwa bila kusikia neno "samahani"? Songa mbele wewe.

*Nina nyaraka za ofisini zinazoonyesha tumewadanganya wananchi. Nikutumie?*

Usinitumie, na usizirushe kwenye grupu lolote. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa za Uhalifu na Mashahidi ya mwaka 2015, nayo inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika, si msambazaji. Muone wakili kwanza, ana kwa ana. Na acha kuniandikia kwa barua pepe ya kazini.