Mota nyuma au katikati? Uliza udongo wa kwenu kwanza

Bagi yangu ya kwanza ya mashindano, yaani kigari kidogo cha umeme kinachoendeshwa kwa rimoti, niliichagua kwa macho. Nilikuwa nimekesha usiku kadhaa nikitazama video za mashindano ya Ulaya, na kila gari lililoshinda lilikuwa na mota katikati, yaani mbele ya ekseli ya nyuma. Nikaagiza hivyo hivyo. Jumamosi ya kwanza hapa Nakuru, kwenye kiwanja chetu cha vumbi upande wa Menengai, nilivuta triga ya rimoti nikitoka kona ya kwanza, gari likazunguka kama pia. Nikalinyoosha, nikavuta tena. Likazungukia upande wa pili.

Kijana mmoja wa boda aliyekuwa ameegemea ua akacheka. "Boss, hiyo ni boda bila abiria. Nyuma hakuna kitu inakanyaga chini."

Nimesoma maelezo mengi tangu siku hiyo, na hakuna lililomzidi. Nazungumzia bagi za kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, zinazosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma. Zinazosukumwa na yote manne zina mambo yake. Ukiweka mota nyuma ya ekseli, uzito wake unakandamiza tairi zinazofanya kazi. Ndivyo bagi ya RC10 ya kampuni ya Team Associated ilivyotoka mwaka 1984, na kwa miaka mingi bagi nyingi za mashindano zilifuata mpango huo. Baadaye mashindano mengi, hasa Ulaya, yakahamia kwenye zulia na nyasi bandia, na kwingine kwenye udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa mpaka ukang'aa. Mahali pa kushika namna hiyo, tatizo si tairi za nyuma kuteleza, ni pua kukataa kugeuka. Mota ikasogezwa mbele. Kampuni hiyo hiyo ikatoa gari moja kwa sura mbili: B5 yenye mota nyuma na B5M yenye mota katikati. Mimi nilikuwa nimenunua dawa ya ugonjwa ambao Nakuru hatuna.

Vumbi letu mnalijua. Waliokwenda Naivasha kutazama Safari Rally tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 wameona magari yakizama katika ule unga laini. Kiwanja chetu ni kitu cha namna hiyo, ila kidogo. Juu kuna unga, chini kuna ugumu, na tairi haijui ishike wapi.

Nilipochoka kubahatisha nilichukua mizani ya jikoni. Weka magurudumu ya nyuma juu ya mizani, ya mbele juu ya vitabu vilivyolingana nayo kimo, gari liwe na betri na kila kitu. Langu lilikuwa gramu 1,580, na nyuma zilikaa 978. Nikageuza giaboksi ili mota ikae nyuma, nikapima tena: 1,030. Gramu 52 tu! Nilidhani mizani imeharibika, mpaka nilipopiga hesabu. Mota ya gramu 170 hivi ikihamishwa sentimita 8 na nusu, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana sentimita 28, ndiyo tofauti utakayopata. Ni kama uzito wa yai moja, lakini kwenye vumbi yai hilo lilinipa kona nzima.

Lina bei yake. Mota iliyo nyuma ya ekseli ni kama gunia la makaa lililofungwa mwisho kabisa wa keria. Linakupa mshiko ukipanda, halafu usukani unakuwa mwepesi, na mkia ukishaanza kwenda hauombi ruhusa. Waliowahi kuendesha zile Volkswagen Beetle zilizoshinda Safari miaka ya 1950 wanaijua tabia hiyo, maana injini yao nayo ilikaa nyuma kabisa. Katika kuruka, gari hutaka kutua kwa matako. Gusa breki kidogo likiwa hewani, pua itashuka.

Kuhusu kugeuza giaboksi, nikuepushe na aibu yangu. Niliigeuza, nikaunganisha, nikavuta triga mbele ya watoto wa mtaa mzima, gari likarudi nyuma kwa kasi na kunigonga kifundo cha mguu. Ukizungusha giaboksi nusu duara, mwelekeo wa mota nao lazima ubadilike. Kama mota yako haina waya wa sensa, ule mwembamba unaokwenda kwenye kidhibiti cha spidi, badilisha nyaya mbili kati ya zile tatu nene. Kama inao, usiguse nyaya kabisa. Badilisha mwelekeo kwenye mipangilio ya kidhibiti cha spidi. Wengine huongeza gia ya nne (gurudumu la meno, si spidi) ndani ya giaboksi, na mota ikazunguka upande mmoja na magurudumu. Hiyo ina faida nyingine: ukivuta triga, mkia unakandamizwa chini zaidi.

Kisumu ilinipa somo la pili. Marafiki walikodi kiwanja cha mpira cha nyasi bandia jioni moja, nami nikafika na mota yangu nyuma, kifua mbele. Kila kona gari lilienda moja kwa moja kama treni. Jamaa wenye mota katikati walikuwa wakichelewesha breki mpaka mlangoni mwa kona, wakigeuka na kuondoka. Kesho yake tukahamia kwenye udongo mweusi nje ya mji, uliofagiliwa na kunyunyiziwa maji mpaka ukawa kama sakafu, na pale pia wao walikuwa mbele.

Basi kama unaishi Nakuru na unakimbia kwenye vumbi, anza na mota nyuma, hata kama video zinasema vingine. Kama tayari unayo ya katikati usiiuze. Vuta betri nyuma kadiri nafasi inavyoruhusu, kisha ongeza vipande vya risasi, ile metali nzito, karibu na ekseli ya nyuma. Mimi hutumia risasi za nyavu za wavuvi nilizonunua Dunga, ufukwe wa Kisumu, gramu 30 kwa kuanzia, nimezibandika kwa gundi ya pande mbili. Na kabla ya yote hayo angalia tairi zako, kwa sababu tairi iliyoisha meno hakuna mota itakayoiokoa.

Ukinunua la mitumba linalosemekana hukubali mota pande zote mbili, mwombe muuzaji akuonyeshe vipande vya upande ambao hautumiki sasa. Mara nyingi vimepotea. Mimi nilisubiri miezi miwili kipande cha plastiki kisichojaa kiganja.