Wasomaji Wanauliza: Nani alipandisha kamera ndani ya boti kwanza?

Kameramani wa harusi, Kadutu, Bukavu: Jambo mukubwa. Mie niko nafanya ma-video ya harusi. Juzi bibi-harusi mumoja alitaka tumukamate picha ndani ya canot, Bukavu kwenda Goma, na ile video ilitoka inatikisika mpaka mama-mukwe akasema kichwa inamuzunguka. Rafiki yangu wa Himbi akanicheka, ati kupiga filme ndani ya boti banafanyaka tangu zamani ya babu, hata mbele ya radio. Ni kweli? Uyo mutu wa kwanza ni nani, na alifanya namna gani?

Jibu: Kijana wetu, rafiki yako hakudanganya. Jina linalotajwa sana ni la Mfaransa mmoja, Alexandre Promio, mzaliwa wa Lyon mwaka 1868. Mwaka 1896 aliingia kazi kwa ndugu Lumière, wale wenye kiwanda cha vifaa vya foto palepale Lyon, ambao tarehe 28 Desemba 1895 walionyesha sinema kwa watu waliolipa, pale Grand Café Paris, kiingilio faranga moja. Akina Lumière walikuwa na mashine lakini walihitaji watu wa kuizungusha dunia nzima, na Promio akawa mmoja wa wale wa mstari wa mbele, hata kufundisha wenzake ilikuwa kazi yake.

Sasa Oktoba 1896 yuko Venice, Italia. Ametoka gare, kituo cha treni, anaenda hoteli, na kule barabara ni maji, taxi yao ni ule mtumbwi mrefu mwembamba, gondola. Ameketi zake anaangalia majumba ya pembeni yanavyokimbia kurudi nyuma, na anajua vizuri kwamba majumba hayaendi popote, anayeenda ni yeye. Njo wazo likamjia: mpaka siku ile kamera ilikuwa inasimama mahali pamoja na vitu vinapita mbele yake, farasi, treni, wafanyakazi wanatoka kiwandani, basi tukigeuza je? Vitu visimame, kamera ipite. Akapandisha trepie, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, ndani ya boti, akazungusha. Habari hii aliisimulia mwenyewe, ikachapwa mwaka 1925. Na hakuwa na uhakika hata kidogo, maana alipotuma ile filme Lyon aliomba kwanza Louis Lumière aseme anaionaje. Jibu likarudi zuri, na baada ya hapo kila operateri, yaani mpiga kamera, akaanza kutafuta kitu cha kupanda, boti, treni, tramu.

Nakuambia ukweli, kuna wanahistoria wanaomtaja pia mwenzake wa kampuni ileile, Constant Girel, kwamba miezi hiyohiyo alikuwa anapiga filme kutoka kwenye boti mto Rhein, Ujerumani. Mie sitaki kupigana juu ya nani alitangulia. Promio ndiye aliyetuachia maelezo ya kichwa chake kilivyofikiri, na kwa mtu wa kazi kama wewe hiyo ina faida kuliko medali.

Turudi kwa mama-mukwe. Angalia Promio alikuwa na nini: maji ya mfereji yaliyotulia, boti ya kusukumwa kwa kasia, haina moteri, mwendo wa polepole, na kamera imeelekea pembeni. Wewe una canot rapide yenye moteri inayopiga kelele na mawimbi ya mchana, halafu naweza kuapa kwamba ulikuwa unafanya zoom! Acha zoom kabisa, ukiwa ndani ya boti kila zoom inazidisha mtikisiko. Toka asubuhi mapema ziwa likiwa bado limelala, kaa katikati ya canot mbali na moteri, trepie isigusane na ubao unaotetemeka, na mwombe kapiteni apunguze mwendo dakika mbili tu mkipita pembeni ya kisiwa cha Idjwi. Dakika mbili zinatosha, Promio hakuwa hata na moja.

Mama wa watoto wanne, Katindo, Goma: Watoto wangu wanaangalia ma-video ya zamani kwenye telefoni wanacheka, kwa nini watu wa zamani wote wanatembea mbio mbio kama wamefukuzwa na polisi?

Jibu: Mama, walikuwa wanatembea kama sisi. Kamera ya Lumière ilizungushwa kwa mkono, mizunguko 2 kwa sekunde, kila mzunguko unapiga picha 8, jumla picha kama 16 kwa sekunde. Sinema ya baadaye yenye sauti ikashika picha 24. Ukikamata mkanda wa 16 ukauendesha kwa 24, mtu anaongezewa nusu ya mwendo wake bila kuulizwa. Wanaojua kazi yao siku hizi wanarekebisha kasi kabla ya kuweka ile video, wavivu hawarekebishi, njo hapo watoto wanacheka.

Mwanafunzi, Ibanda, Bukavu: Mwalimu alituambia hao ma-operateri walizunguka dunia nzima. Wakati ule hakuna ndege, hakuna umeme kila pahali, mizigo walibebaje? Na Promio alifika Congo?

Jibu: Hili swali nimelipenda, ngoja nikae vizuri.

Siri yote iko kwenye sanduku. Kule Marekani kwa Edison kamera yao ilikuwa nzito, inataka umeme, kwa hiyo ilikaa studio na watu ndio waliipelekea miguu. Ile ya Lumière ilikuwa sanduku la mbao la kubebeka mkononi na mtu mmoja. Sanduku hilohilo lilipiga filme, likatoa kopi, halafu usiku ukiweka taa nyuma yake linaonyesha picha ukutani. Yaani mtu anafika mji mpya, mchana anapiga filme barabarani, anasafisha mwenyewe na dawa zake, na baada ya hapo wenyeji wanalipa kujiona. Meno ya ndani yanayovuta mkanda, simama-tembea simama-tembea, Louis Lumière alisema wazo lake lilitoka kwenye mashine ya kushonea. Fundi cherehani yeyote wa soko la Kadutu angeielewa kwa dakika tano.

Lakini ilikuwa na ubishi wake. Mkanda ni mita 17 tu, sekunde kama 50 basi, umeisha. Tena haina dirisha la kuangalia unachopiga. Unafungua nyuma, unatafuta picha yako kwanza, unaipanga, unafunga, unaweka mkanda, na kuanzia hapo unazungusha gizani, unaamini tu. Mtu akipita mbele akasimama na kofia yake, utajua ukishasafisha. Ninyi mnaofuta na kurudia mara ishirini kwenye telefoni, fikirini kidogo hapo.

Na huyo bwana Promio alitembea! Mwaka 1896 peke yake yuko Madrid anafungua maonyesho ya kwanza ya Lumière kule Hispania, anavuka bahari mpaka New York na Chicago, anarudi Italia. Mwaka 1897 Misri, na piramidi zake na ngamia zinazopita mbele ya Sphinx. Yerusalemu aliweka kamera nyuma ya treni inayoondoka, watu waliobaki kwenye gare wanazidi kuwa wadogo wakati wanapunga mikono na kuvua kofia, wote wamechanganyika, Waarabu, Wayahudi, Wazungu, na hakuna anayejua ni kitu gani kinamwangalia. Kwangu mie hiyo ndiyo filme yake kubwa, inapita hata ya Venice. Liverpool, Uingereza, alipanda treni ya juu iliyopita pembeni ya bandari, akapiga mameli na maghala yote kwa mfululizo. Ile reli ilifungwa mwisho wa 1956 ikabomolewa, kwa hiyo mtu wa Liverpool leo akitaka kuona babu yake aliona nini kupitia dirisha la treni, lazima apitie kwa Promio.

Sasa mpate kucheka. Istanbul, enzi za Sultani Abdul-Hamid, kitu chochote chenye mkono wa kuzungusha kilitiliwa mashaka, labda waliogopa ni bunduki au mtambo gani sijui. Kamera ikakwama. Promio anasema ubalozi wa Ufaransa ulibidi uingilie kati, tena na sarafu kadhaa "zikasahaulika" ndani ya kiganja cha afisa. Matabish, yaani hongo, ndugu zangu! Na walioshikwa na kamera yao kwenye barriere huku kwetu, wakaulizwa "otorizasio iko wapi," wanajua ninachosema. Alipoingia, akafanya nini? Akapanda boti tena, akapiga filme Pembe ya Dhahabu na Bosphorus.

Congo hakufika. Afrika yake ni ya kaskazini, Misri na Algeria. Huku wakati ule ilikuwa mali ya Léopold II, mfalme wa Ubelgiji, hata reli ya Matadi kwenda Léopoldville ilikuwa haijamalizika, ilimalizika 1898, na operateri wa Lumière alienda palipo na wateja wa kulipa kiingilio na hoteli ya kulala. Kamera ilipokuja kwetu baadaye ilikuja na serikali, na misioni, na makampuni. Hiyo tutaiandikia siku nyingine.

Kijana wa Birere, Goma: Niko najifunza kamera kwenye atelier moja. Mkubwa wetu anasema mtu wa kamera hana jina, jina ni la realizateri, ule anayeongoza filme. Hata zamani ilikuwa vile?

Jibu: Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Wakati wa Promio hakukuwa na realizateri, operateri alichagua pahali, akapanga, akazungusha, akasafisha, akaonyesha, na mkandani jina lake halimo. Filme ilikuwa ya Lumière, basi. Orodha ya kampuni ina zaidi ya filme 1400, na kujua ipi ni ya nani watafiti walilazimika kufuata magazeti ya kila mji, barua na tarehe za safari, kama polisi. Nyingine mpaka leo hazina mwenyewe. Promio alipona kwa sababu aliandika, kwa hiyo, kijana, andika. Weka daftari: siku gani, wapi, kwa nani, mwanga ulikuwaje. Tena ongea kuhusu jina lako kabla ya kukamata kazi, usingoje siku ya kuonyesha.

Maisha yake ya baadaye hayana kelele. Lumière waliacha polepole kutengeneza filme, Promio akafanya kazi kwingine, Pathé pia, vita ya kwanza ikamkuta kwenye kikosi cha sinema cha jeshi la Ufaransa, na baada ya vita akaongoza huduma ya foto na sinema ya serikali ya Algeria mpaka 1924. Hapo mie nasimama kidogo. Serikali ile ilikuwa ya wakoloni, na kamera iliyolipwa nayo inaonyesha nchi vile bwana anataka ionekane. Jicho zuri halimwokoi mtu na hilo, na wewe utakayeitwa kesho na shirika au mwanasiasa kupiga filme wakimbizi wa kambi ujiulize mapema nani analipa na atakata wapi. Alifariki 1926, miaka 58.

Ukitaka kuona ile ya Venice, tafuta kwenye intaneti jina lake la Kifaransa, *Panorama du Grand Canal pris d'un bateau*. Haifiki dakika moja, mega zako hazitaisha. Iangalie mara ya kwanza bila kufikiri, mara ya pili hesabu mizunguko ya mkono wake, miwili kwa sekunde, mpaka mkanda uishe.