Mbona ndege kubwa hawatupimi kilo?
Yakhe umeuliza mbona ndege ndogo ya Chake, Pemba, kuja Unguja tunapandishwa mizani wenyewe na ile kubwa ya Doha wanapima mabegi tu. Ni hesabu bwana, ile ndogo, Caravan, na kila kitu ndani hairuki na zaidi ya kama tani 4, mabonge matatu wakikaa nyuma pamoja usawa wa ndege ushaharibika, lakini ile kubwa, Boeing 777-300ER, inaruka na tani 351, humo mafuta peke yake yanaweza kufika tani 145, kwa hiyo wanatumia wastani wa uzito wa abiria, Ulaya wanakubali kilo 84 kwa mtu mzima na begi lake la mkononi.

Ila usidhani hawajali, makontena ya mizigo huko chini yanapangwa kwa hesabu, pua ikizidi uzito ndege inakula mafuta, mkia ukizidi ndo hatari khasa mana rubani anaweza kushindwa kuishusha pua. Ndege kubwa za Airbus A330 nyingi zina tangi la mafuta mkiani, wakishafika juu mafuta yanasukumwa nyuma makusudi ili ndege iteleze vizuri (mi nikisikia hivo nacheka, tani kadhaa zinahamishwa na watu wamelala). Ile ndogo wakikwambia hama siti, we hama tu.