Weka beleshi chini, mitetea wako hawajaanza kutaga

Mkuu, weka beleshi chini. Sijamaliza hata kusoma uzi wako. Nimefika pale ulipoandika kwamba mitetea wako 200 wana wiki 9 na unataka kuwachanganyia chokaa sasa hivi "ili wakianza kutaga maganda yawe magumu", nikahisi tumbo linanikata. Hayo maneno ni yangu. Niliyasema mimi mwenyewe, nimesimama mbele ya pipa la chakula na tabasamu la mtu aliyegundua siri ambayo wafugaji wenzake wamefichwa. Umeuliza pia chumvi, na una wengine 40 wakubwa ambao tayari wanataga. Tutafika huko.

Mimi nilikuwa nao 300, wiki 8, manyoya yanang'aa. Aliyeniuzia chakula akaniambia nisisubiri: "Kalsiamu ni akiba, wape mapema waiweke kwenye mifupa." Akanipa na kipimo kabisa, kilo 4 za chokaa ya mifugo kwa kila mfuko wa kilo 50 wa chakula cha kukuzia. Sikuuliza hiyo akiba inakaa wapi. Mtu anaongea kwa kujiamini, kalamu kaichomeka sikioni, unaanzaje kumbishia?

Hesabu niliifanya baada ya kuzika. Chokaa ina kalsiamu kama asilimia 38. Kilo 4 zinaingiza kilo moja na nusu ya kalsiamu tupu kwenye mfuko ambao tayari ulikuwa na nusu kilo yake. Piga mahesabu, unapata karibu asilimia 3.7. Hicho ni chakula cha kuku anayetaga kila siku! Mtetea wa wiki 8 anataka asilimia 1 tu, au pungufu kidogo. Kwa hiyo niliwalisha watoto karibu mara nne ya kiasi chao, wiki 6 mfululizo, tena nasimama pale kuhakikisha wamemaliza.

Kuku anayetaga ana pa kuipeleka. Kila ganda linachukua gramu 2 hivi za kalsiamu, na anahitaji nyingine kesho. Mtetea hana yai. Mifupa ikishachukua haki yake, ile inayozidi kwenye damu inatolewa kupitia figo, na figo za kuku mchanga hazikuumbwa kwa kazi ya kusomba chokaa.

Walianza kwa kunywa maji kupita kiasi. Nikafurahi! Daftari langu bado lipo, nimeandika "wanakunywa vizuri". Kisha kinyesi kikawa majimaji na cheupe, maranda yakalowa banda zima. Nikarudi kwa mshauri yule yule (ndiyo, najua, cheka tu). Akasema mharo mweupe, akaniuzia antibiotiki. Jamani, mharo mweupe unaua hasa vifaranga wa wiki mbili tatu za mwanzo. Wangu walikuwa na wiki 12! Ama hakulijua hilo, ama alilijua na dawa ilikuwa inakaribia kuisha muda wake kwenye rafu. Nimeshamsamehe. Uongo, sijamsamehe.

Wiki ya 14 wakaanza kufa. Wawili leo, watatu kesho, vifua vimekonda hadi mfupa umekaa kama kisu. Daktari wa mifugo akapasua mmoja mbele yangu, juu ya gunia. Moyo ulikuwa na utando mweupe, kama mtu kaupaka unga wa ngano, na ini hivyo hivyo. Nikakwaruza kwa kucha, ikatoka kama vumbi la chaki. Figo za upande mmoja zimevimba na kupauka, za upande wa pili zimesinyaa, zimebaki kama karatasi iliyolowa. Mirija inayoshusha mkojo imejaa kitu kigumu, ukiibonyeza unasikia inakwaruza vidoleni. Akasema ni jongo: figo zikishindwa kazi, asidi ya yuriki ambayo ingetoka na kinyesi inabaki kwenye damu, inaishia kujipaka kwenye viungo. Halafu akauliza, kwa upole ulioniuma kuliko matusi, "Hawa unawapa nini?"

Walikufa 61 kabla ya yai la kwanza. Nikatoa chokaa, nikadhani yameisha. Wapi! Figo iliyoharibika kiasi kile mara nyingi hairudi ilivyokuwa. Kuku anaishi kwa kile kipande kilichobaki, unamwona mzima, anaanza kutaga, mzigo unaongezeka, asubuhi unamkuta chini amekauka na yai liko ndani. Ishirini na kitu wengine waliondoka hivyo. Na maganda ya waliobaki? Ya kawaida kabisa. Kalsiamu ikizidi tumboni hukamatana na fosforasi na kuizuia isifyonzwe, kwa hiyo hata ile mifupa niliyojidai naijenga nilikuwa naidhulumu.

Sasa shika hili moja: chokaa inafuata yai. Achana na hamu yako ya mayai, mtazame kuku. Upanga ukikua na kuwa mwekundu, na ukimgusa mgongoni anachuchumaa, yai liko njiani. Hapo, kama wiki mbili kabla ya kutaga, ndipo mwili wake unaanza kuweka akiba ndani ya mifupa. Kumbe akiba ipo kweli! Yule bwana alikosea miezi tu. Kipindi hicho wape chakula cha mpito chenye kalsiamu asilimia 2 hadi 2.5. Mayai yakianza kutoka, hamia chakula cha kutagia, 3.5 hadi 4 na kidogo.

Wale 40 wakubwa wanaotaga, kama wanakula banda moja na hawa, wape wote chakula cha kukuzia, kisha weka chombo cha pembeni chenye chokaa ya chenga au maganda ya chaza. Mwenye yai atakwenda mwenyewe. Chenga, siyo vumbi: inakaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku, wakati ganda linajengwa. Na usiweke kokoto za mawe ukadhani umeweka chokaa, hizo kazi yake ni kusaga tu.

Chumvi, gramu 300 hivi kwa kilo 100 za chakula zinatosha, na kama unga wako wa samaki una chumvi, punguza. Chumvi ikizidi nayo inalowesha kinyesi, ndiyo maana watu wengi wanailaumu chumvi huku chokaa imekaa pembeni inawaangalia. Mimi mwenyewe niliilaumu wiki nzima.

Umesema mifuko miwili umeshachanganya. Wape hao 40 wanaotaga, peke yao. Wadogo wasiuguse, kuanzia jioni hii. Kesho kabla hujafagia chungulia kinyesi chao, pima wanakunywa ndoo ngapi, urudi hapa utuambie.