Damu ya mbwa wangu ilienda wapi?

Mara hii mimi daktari wenu wa mifugo nina barua nne. Ya kwanza ilikuja kwa ujumbe wa simu, na haikuwa ya kusubiri jarida litoke.

*Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka saba ameumwa mguuni na mbwa wa jirani hapa Igoma, jana jioni. Mbwa anakula vizuri tu. Jirani anasema tusubiri tuone kama atabadilika. Bibi yake mtoto ameshampaka mafuta ya taa. Nifanye nini?*
Mama, Igoma

Marahaba mdogo wangu. Tulishaongea kwa simu siku ile ile na mtoto ameanza chanjo, kwa hiyo hapa nawaambia wengine. Kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, za saa, si za kukisia. Mafuta ya taa hapana, majivu hapana. Kisha hospitali, siku hiyo hiyo. Kumwangalia mbwa kwa siku 10 ni jambo sahihi, ila mtoto awe ameshaanza sindano. Mbwa akifika siku ya kumi akiwa mzima, daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki. Kumsubiri mbwa kwanza ni kamari, maana dalili za kichaa cha mbwa zikishamwanza binadamu hakuna wa kumrudisha. Na mbwa msimuue kwa hasira. Mfungeni, mwiteni afisa mifugo wa kata, na jirani atoe kadi ya chanjo kama anayo.

*Daktari, mwangaluka. Mwaka juzi walikuja vijana na gari na deli la barafu, wakasema wanasomea shahada ya uzamivu kuhusu magonjwa yanayohama kati ya wanyama na watu. Wakachukua damu ya mbwa wangu wawili, mbuzi sita, ng'ombe watatu, mimi na mke wangu. Umri wa mbwa wakauliza kama wanaandika cheti cha kuzaliwa. Dawa hatukupewa, majibu hatukupewa. Hapa wengine wanasema damu inauzwa. Ilienda wapi? Na kwa nini wanahangaika na mbwa, wakati fisi na nyumbu wa hifadhini ndio wanaotuletea magonjwa?*
Mfugaji, Lamadi

Mwangaluka baba. Deli kama hilo nimelibeba mwenyewe miaka mitano nikitafuta uzamivu wangu, vijiji vya ufukweni huku kwetu, kwa hiyo safari ya damu naijua kituo kwa kituo.

Kichupa chenye mfuniko mwekundu damu huachwa igande. Mimi nilikuwa naegemeza vyangu kwenye meza ya mama ntilie, yeye anakaanga maandazi upande huu, mimi nalinda vichupa upande ule visipigwe na jua wala kiwiko. Baada ya saa moja au mbili donge linajikunja kwenda chini, na juu yake yanabaki maji ya rangi ya asali. Hiyo ndiyo seramu, na ndiyo tuliyoifuata. Ndani yake mna kingamwili, yaani alama ambazo mwili unabaki nazo ukishapigana na kijidudu fulani. Kichupa cha mfuniko wa zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande. Humo tunatafuta vinasaba vya kijidudu chenyewe. Vyote vinaishia kwenye friji la nyuzi 80 chini ya sifuri, na mwanafunzi anaishia kulala macho umeme ukikatika. Kuuza? Damu ya mbuzi vijiko viwili haina mnunuzi baba, hata machinjioni.

Umri wa mbwa walikuuliza sana kwa sababu umri ndiyo kalenda yetu. Tuseme mbwa wa miaka saba wana alama za ugonjwa fulani, na wa miaka miwili hawana hata mmoja. Basi kirusi kilipita hapo kabla hawa wadogo hawajazaliwa, kisha kikatoweka. Mkiniambia tu "mkubwa" au "mdogo", kalenda imechanika. Kule kisiwani Ukara bibi mmoja alinitajia umri wa mbwa wake kwa kusema alikuwa bado ananyonya siku kivuko MV Nyerere kinazama. Niliandika Septemba 2018, nikafunga daftari, asubuhi ile sikuuliza jingine.

Sasa hili la mbwa na nyumbu, hapa ndipo penye utamu. Wewe uko Lamadi, ziwa liko mgongoni na geti la Ndabaka la kuingilia hifadhi ya Serengeti liko mbele yako, na ubishi huo huo wataalamu wameubishana miaka mingi kuhusu Serengeti hiyo hiyo.

Wakati wa sotoka, ile tauni ya ng'ombe, wengi waliamini nyumbu ndiye ghala la ugonjwa, kwamba hata ng'ombe wachanjwe vipi, utatoka tena porini. Ng'ombe wanaozunguka hifadhi wakachanjwa. Nyumbu waliozaliwa baada ya 1963 walipopimwa, alama za sotoka hawakuwa nazo. Kumbe ng'ombe ndiye aliyekuwa akimwambukiza nyumbu! Nyumbu hao, waliokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walivuka milioni moja kabla miaka ya 1970 haijaisha. Sotoka yenyewe ikatangazwa kufutika duniani mwaka 2011.

Kichaa cha mbwa nacho hadithi yake inafanana na hiyo. Fisi anakipata, mbweha anakipata, lakini pale Serengeti wanaokishikilia kisife ni mbwa wetu wa vijijini. Ukichanja mbwa 70 katika kila 100, mzunguko unakatika, na porini kunatulia bila mtu kumgusa fisi.

Hapo utasema basi, kila kitu ni mbwa. Subiri. Mwaka 1994 kirusi cha distempa, ambacho hasa tunakijua kwa mbwa, kiliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, kama 1,000 hivi. Vidole vyote vikaelekezwa kwa mbwa wa vijijini, nao wakachanjwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia seramu za simba na za mbwa zilizokusanywa kwa miongo, ulionyesha kwamba chanjo iliwasaidia mbwa, lakini simba waliendelea kuambukizwa. Kwa distempa, wanyama wa porini nao wanapokezana wenyewe kwa wenyewe. Mbwa yule yule, hifadhi ile ile: kwa kichaa ana hatia peke yake, kwa distempa ana wenzake. Jicho halitofautishi hayo. Yalitofautishwa na vichupa ambavyo mtu alivitunza kwenye friji miaka na miaka, vingine kutoka kwa mfugaji aliyeuliza swali kama lako.

Kuhusu majibu, hasira yako ni halali na sitawatetea wenzangu. Mimi mwenyewe nimewahi kurudi kijiji kimoja baada ya miaka miwili na miezi minne, na bahasha mkononi. Mbwa niliyemletea majibu alishakufa. Mbuzi walishauzwa mnadani. Mwenye mji akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akaisoma mpaka chini, akasema, "Mwanangu, umeniletea majibu ya marehemu." Akanikaribisha ugali na sato, jambo lililonitesa zaidi kuliko angenifukuza.

Fanya hivi: tafuta nakala ya fomu ya ridhaa mliyosaini. Ina jina la chuo na namba ya simu. Kama imepotea, nenda kwa mtendaji wa kijiji. Mtafiti hapiti bila barua ya utambulisho, na nakala hubaki ofisini. Piga hiyo namba, taja tarehe, taja idadi ya mifugo. Majibu ya ng'ombe na mbuzi wanaweza kukuambia ni gharama kuyafuatilia. Majibu yako na ya mkeo, kaza.

*Dada daktari, mume wangu ana homa ya kuja na kuondoka mwezi wa pili sasa, jasho usiku, viungo na mgongo vinauma. Ametibiwa malaria mara tatu na taifodi mara mbili. Tuna mbuzi, watatu wametupa mimba msimu huu na yeye ndiye aliyewasaidia. Je, yana uhusiano?*
Kisesa

Inawezekana sana, mdogo wangu, na sentensi yako ya mbuzi ndiyo ambayo huenda hakuna aliyeisema pale zahanati. Mwambie akirudi aanze na mbuzi, homa baadaye, na aombe kipimo cha brusela, ugonjwa unaotupisha mbuzi mimba na kuhamia kwa watu. Kwa mifugo, kipimo cha mwanzo naweza kukifanya juu ya ndoo iliyopinduliwa: tone la seramu na tone la dawa ya waridi juu ya kigae cheupe, unavichanganya, unatikisa dakika nne. Vikibaki laini kama uji, hapana. Vikifanya punjepunje kama maziwa yaliyokatika, ndiyo.

Msimlaumu sana mganga wa zahanati. Wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa Moshi kati ya 2007 na 2008 walifuatiliwa kwa vipimo vya kina: zaidi ya nusu walikuwa wameandikiwa malaria, na waliokuwa nayo kweli hawakufika 2 katika kila 100. Magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, brusela ikiwemo, yalikuwa mengi kuliko malaria, na hayakuwa hata kwenye orodha ya magonjwa yaliyofikiriwa.

Ikithibitika, tiba ni dawa mbili kwa pamoja, kwa kawaida wiki sita. Atapata nafuu wiki ya pili na atataka kuacha. Wewe ndiye utakayemsimamia. Nyumbani, maziwa yachemke mpaka yapande ndipo yagandishwe mtindi. Mbuzi akitupa tena, asiguswe kwa mikono mitupu. Glavu zikikosekana, mifuko miwili ya nailoni iliyovikwa mikononi inasaidia. Kitoto na kondo la nyuma vifukiwe shimo refu, mbwa asivifikie, maana akivila anaweza kuambukizwa na kuvisambaza uwanjani. Mjamzito akae mbali na zizi kabisa. Mbuzi wenyewe nitakuja kuwapima Jumamosi, acha namba ya simu kwa afisa mifugo.

*Nasoma mwaka wa mwisho hapa Mwanza na nataka kufanya utafiti wa uzamivu wa aina hii. Nianzie wapi?*
Mwanafunzi, Nyegezi

Anza na vibali, ndivyo vitakavyokula mwaka wako wa kwanza: COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa utafiti wenyewe, NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwa maadili ukigusa watu, TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) ukigusa wanyamapori. Kwa shule, SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, wamekuwa wakifundisha madaktari wa mifugo tangu kabla hujazaliwa. Chagua ugonjwa mmoja. Ukiandika "magonjwa yote ya wanyama na watu" msimamizi atakurudisha na kalamu nyekundu. Tenga fedha za kurudisha majibu kwenye bajeti yenyewe, usizingoje zibaki, hazibakigi. Na jifunze kuendesha pikipiki kwenye mchanga huku deli limefungwa nyuma. Mimi nilianguka mara mbili njia ya Kisorya, vichupa 40 vikaenda na maji.