Island Mound ilitangulia Fort Wagner

Hapana ndugu, si kweli kwamba Fort Wagner, ngome ya Kusini huko South Carolina, Julai 1863, ndipo kikosi cha askari weusi kilipopigana mara ya kwanza katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Tarehe 29 Oktoba 1862, miezi karibu tisa kabla, kulikuwa na pigano la Island Mound, kaunti ya Bates, Missouri.

Askari kama 240 wa First Kansas Colored, kikosi cha askari weusi cha Kansas, wengi wao watoro wa utumwani, walitumwa kuwasaka wapiganaji wa msituni wa upande wa Kusini. Walipiga kambi katika shamba la familia ya Toothman, wakaliwekea boma la mbao za uzio na kuliita Fort Africa. Adui akawasha moto nyikani. Kundi dogo lililotoka nje likavamiwa na wapanda farasi, wakapigana ana kwa ana katikati ya moshi mpaka wenzao wakawafikia. Wanane walikufa, akiwemo Kapteni Andrew Crew, lakini adui ndiye aliyerudi nyuma.

Kinachoniuma mimi: siku ile walikuwa bado hawajapokelewa rasmi katika jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini. Walipokelewa Januari 1863.